Tulivyomfuata Muyaka mpaka London

Treni ya chini ilitushusha Russell Square asubuhi na baridi yake, mimi na mjomba, tukakata mitaa kwa mguu mpaka SOAS, chuo kile cha masomo ya Asia na Afrika kilichoanzishwa 1916. Watu wakifika London wanakimbilia kasri la mfalme, sisi tulimfuata Muyaka bin Haji, mshairi wa zamani wa Mombasa, maana daftari zenye mashairi yake ziko pale maktaba kwenye makusanyo maalumu, na nilishaandika kuomba kabla hatujasafiri manake vitu vile haviko rafuni ukajichukulie.

Masharti yao makali na mimi nimeyapenda. Begi, koti, chupa ya maji vyote nje, kalamu ya wino marufuku, unaingia na penseli na karatasi zako basi. Daftari linalazwa juu ya sponji lisije likavunjika mgongo, ukurasa unaushikiza kwa kamba nzito ya kitambaa.

Sasa kufungua, aisee! Mashairi kwa herufi za Kiarabu, mkono wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na maelezo ya William Taylor yamejazana pembeni, yule mmisionari aliyefika Mombasa miaka ya 1880. Mjomba kakulia chuo cha Kurani kwa hiyo hati haimsumbui, akawa anasoma chini chini, Kimvita kitupu, Kiswahili cha Mombasa, alipofika mashairi ya vita akasita akaniambia, "Mwanangu, huyu bwana hakuwa na woga." Na kweli, enzi zile ukoo wa Mazrui ndio umeshika Mombasa na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, anaitaka kwa nguvu mpaka akaichukua 1837, halafu mtu anasimama anamjibu kwa shairi!

Kinachoniuma ni kwamba ukiyatafuta unayakuta kwa jina la Taylor. Nakubali alitunza, bila yeye mengi yangepotea, lakini bila Sikujua kuyakusanya na kuyaandika huyo Taylor angetunza nini? Kwa William Hichens, Mwingereza mwingine aliyekusanya hati za Kiswahili, nako vile vile, kuna hati za mkono wa Muhammad Kijuma wa Lamu, fundi wa kuchonga milango na mshairi mwenyewe, ila anayetajwa kwanza ni Hichens. Haya majina tuyataje sisi.

Na mlioko Dar wala hamhitaji viza, maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani ina hati alizokusanya mtaalamu wa Kiswahili J.W.T. Allen, tenzi kibao, na kanda za sauti pia. Mjomba keshaanza kuulizia nauli.