Dari Inayolia Debe: Nilivyoingia na Kulifunga Handaki la Dhahabu Shambani Kwetu

Jiwe lililoanguka kutoka kwenye dari ya handaki nililipima baadaye kwa tepu ya kazini: urefu sentimita 140, upana 90, unene 12. Mwamba wa kawaida una kilo kama 2,700 kwa kila mita moja ya ujazo, kwa hiyo lile bamba lilizidi kilo 400. Mifuko minane ya saruji. Lilianguka mahali palepale nilipochuchumaa siku mbili kabla nikipiga picha kwa simu. Picha ninayo bado, na ukiikuza kona ya juu kulia, ufa unaonekana.

Mimi si mchimbaji. Ni fundi wa dari za jipsamu. Riziki yangu iko Buhongwa, Nyegezi, Kisesa, na popote Mwanza mtu anapomaliza kuezeka. Ila shamba la marehemu baba liko ng'ambo ya ghuba, upande wa Geita. Zamani kwenda huko ilikuwa safari ya kupanga foleni ya kivuko pale Kigongo, ukila mahindi ya kuchoma hadi yakukinai. Siku hizi unavuka daraja hadi Busisi kabla hujamaliza kuongea na abiria mwenzako.

Chini ya kilima cha shamba hilo kuna handaki. Wazee wanaliita shimo la Mjerumani, lakini huku kwetu kila shimo la zamani ni la Mjerumani, hata lile lililochimbwa na babu wa jirani. Upande huu wa ziwa dhahabu imechimbwa muda mrefu; mgodi wa zamani wa Geita wenyewe ulifanya kazi chini ya ardhi kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na pembeni yake watu wakachimba vyao, wakaviacha. Letu lilikuwa mojawapo ya hivyo vilivyoachwa. Utotoni tulikatazwa kulikaribia kwa hadithi ya chatu, na hadithi ilitosha. Watoto wa sasa hawaogopi chatu.

Mama alinipigia simu mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeshaanza. "Mwanangu, juzi ilikuwa mbuzi wa jirani. Leo nimetoa watoto watatu mle ndani, wana tochi ya simu na nyundo. Njoo ulifunge kabla halijatufungia sisi."

Nikaenda. Na kwa kuwa nina kofia ngumu ya saiti na taa ya kichwani, nikajiona nimekamilika. Jioni ileile niliyofika niliingia peke yangu kama mita 15, nikachuchumaa, nikapiga picha, nikatoka nikiwa nimefurahi. Ndani palikuwa pakavu na pametulia. Nilimwambia mama kwamba halina shida, ni la kuziba tu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa amekaa pale anasikiliza. Yeye alichimba Nyarugusu na kwingineko tangu miaka ya themanini, mpaka goti likamgomea. Akauliza, "Uliigonga?"

"Kugonga nini, mjomba?"

"Dari, mjomba. Wewe fundi dari gani unaingia chumbani hata dari huiangalii?"

Nikamwonyesha kofia yangu. Akaigeuza mkononi kama anayekagua papai sokoni, akanirudishia. Baadaye nilisoma kwamba kofia za aina ile hupimwa kwa kudondoshewa uzito wa kilo 5 kutoka mita moja. Inakukinga na kokoto, na pia ukijigonga kichwa mwenyewe. Kwa bamba la kilo 400, ni sawa na kujifunika khanga.

Kesho yake tuliingia wawili, na sharti la mjomba lilikuwa mama abaki nje akiwa anajua saa ya kututarajia na namba 114 ya zimamoto. Mbuzi mmoja wa jirani alikuwa hajaonekana tangu jana yake, na hatukutaka kujenga ukuta tukafungia kiumbe ndani. Hapo ndipo nilipojifunza kugonga.

Mjomba alishika mtaimbo mrefu kuliko yeye. Hakuingia. Alisimama nje ya mdomo wa handaki, akasema mdomo ndio mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu jua na mvua vimeupika na kuuloweka mwamba huo kila mwaka, ilhali wa ndani umekaa kivulini. Akaanza kugonga juu, polepole, akiwa amesimama pembeni, mtaimbo umelala mshazari ili jiwe likishuka lisitelezee kwenye fimbo hadi kifuani kwake. Ngi. Ngi. Ngi. Sauti kali, ya chuma, kama unavyogonga kipande cha reli kinachotumika kuwa kengele ya shule. "Hili zima," akasema. Akasogea hatua moja. Ngi. Ngi. Dub.

Hiyo dub niliijua. Ni sauti ninayoisikia kila siku kazini, ya lipu iliyoachana na tofali, ambayo kwa macho ni nzima kabisa lakini ndani kuna hewa. Mjomba alisema, "Hii inalia debe," akaingiza ncha ya mtaimbo kwenye ufa, akakandamiza. Jiwe la ukubwa wa begi la shule likashuka mbele yetu, vumbi likapanda. Akangoja. Akagonga tena palepale, maana jiwe moja likitoka, lililokuwa linaliegemea nalo limelegea.

Kanuni yake ilikuwa moja: miguu isitangulie mtaimbo. Unasimama chini ya mwamba uliokwisha kuugonga, unagonga ule ulio mbele, na nyuma yako njia iwe tupu, hakuna ndoo, hakuna kamba, hakuna mtu. Mita 15 nilizozitembea jana yake kwa dakika mbili zilituchukua karibu saa nzima.

Alinionyesha pia kuisoma sakafu. Mawe yaliyoanguka zamani yamefunikwa vumbi na kinyesi cha popo, rangi zao zimekufa. Yaliyoanguka karibuni yana uso msafi, unang'aa, kingo zake kali kiasi cha kukata kidole. Nilipochuchumaa jana yake kupiga picha kulikuwa na vipande vitatu vya namna hiyo, na kimoja nilikuwa nimekisukuma kwa kiatu ili nikae vizuri. Sikujiuliza kimetoka wapi.

Mwamba wa pale si kama majabali ya Mwanza mjini, yale ya mviringo yaliyopandana ziwani. Ule wa handakini ni wa matabaka, umekaa kama daftari lililolala ubavu. Babu yangu aliandikia kwenye sleti alipokuwa shule ya misheni, na sleti ni mwamba wa ukoo huohuo, unaopasuka kwa bapa. Ndiyo maana Uingereza, kule Wales, walichimba migodi mizima ya sleti wakaezekea nyumba. Sifa inayoufanya upasuke vizuri mkononi mwa fundi ndiyo inayoufanya uachane na dari bila kukuaga. Maji yanaingia kati ya kurasa, yanalainisha udongo uliokuwa unazishika, na siku moja ukurasa unashuka mzima mzima.

Tulipofika mahali pa picha yangu, upande wa kulia ulilia debe kutoka ukutani hadi katikati. Mjomba alijaribu kuushusha, ukagoma. Nikasema basi umeshika. Akanitazama vibaya. Jiwe kukataa mtaimbo hakumaanishi limekaa vizuri; maana yake ni kwamba ni kubwa kuliko mtaimbo.

Hapo nilichangia cha kwangu. Kwenye begi nilikuwa na unga wa jipsamu. Nikakoroga kidogo kwenye kikopo kwa maji ya kunywa, nikasimama upande wa kushoto uliolia vizuri, nikanyoosha mkono na kupaka kibandiko chembamba cha upana wa vidole viwili kukatiza ufa, kikashika pande zote mbili. Jipsamu ikikauka haina uvumilivu, haivutiki hata unene wa unywele. Ufa ukisogea, inapasuka. Mjomba alisema wao walikuwa wanachomeka kabari za mti kwenye nyufa. Kabari ikidondoka yenyewe, ufa umepanuka, watu wanatoka. Kanuni ileile, akaipenda.

Tukapita kwa kujibana ukuta wa kushoto. Leo nisingepita, na mjomba naye alikiri jioni kwamba alinionea aibu tu kugeuza. Mwenye busara angeishia pale.

Mbele handaki lilipanuka, na juu yetu taa ikaonyesha kitu nilichodhani ni dari ya mbao. Magogo yalikuwa yamekingamishwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake mawe yamepangwa vizuri kama matofali. Mjomba alinishika bega nisiende hatua nyingine. Wachimbaji wa zamani walipofuata mkanda wa dhahabu kwenda juu hawakutaka kubeba kifusi hadi nje, wakakipanga juu ya matimba humohumo. Walipoondoka, kifusi kilibaki na mchwa wakaanza kazi. Aligusa gogo moja lililoanguka sakafuni kwa ncha ya mtaimbo, likafumuka kama keki. Yaliyobaki juu yalikuwa yamebeba tani ambazo sikutaka kuzikadiria. Kwenye mwamba mzima unaweza kugonga na kusikiliza. Kwenye matimba yaliyooza hugongi kitu, hupigi kelele, unarudi.

Nyuma ya hapo popo walianza kuchachawa. Sikungoja kujua ni wa aina gani. Popo wa matunda wanaokaa mapangoni ndio wanaohifadhi virusi vya Marburg, na jirani zetu wa Kagera wameshapata milipuko miwili, 2023 na 2025. Mshumaa wa mjomba, aliokuwa ameushika chini karibu na miguu kupima hewa, ulikuwa unawaka vizuri, lakini hiyo haikutosha kutubakiza. Mbuzi hakuwepo, wala kinyesi kibichi.

Tukirudi nilimulika kibandiko changu. Hakikuwa kimekaa hata saa moja na nusu. Katikati kulikuwa na mstari mwembamba mweusi, ulionyooka kama uliochorwa kwa penseli. Nikauonyesha kwa kidole bila kusema. Na wakati huohuo, upande ule, changarawe zikaanza kuchuruzika, chache tu, kama mchele unaomwagika kwenye mfuko uliotoboka. Mjomba mwenye goti bovu alinipita.

Usiku huo mvua ilipiga bati mpaka hatusikilizani. Mjomba alikaa macho, akawa anataja migodi iliyowahi kufukia watu. Nyangalata, Kahama, mwaka 2015, watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya kifusi. Nyarugusu, Januari 2017, watu 15 walitolewa wote wazima. Hizo ndizo tunazopenda kusimulia. Ng'alita kule Bariadi, Januari 2024, walikuwa 22, na hakutoka mtu.

Asubuhi tulisimama nje, tukamulika kutoka mdomoni. Bamba lilikuwa limelala chali. Kipande cha jipsamu yangu kilikuwa bado kimeng'ang'ania ukingoni mwake, cheupe. (Vipimo nilivichukua wiki ile mjomba alipomaliza kupagonga upya na kusema naweza, alisimama nyuma yangu akihesabu dakika kwa sauti.)

Kulifunga ndiyo kazi niliyoielewa. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja, akaandika muhtasari, na ofisi ya madini ikaarifiwa kwa barua kwamba tunaziba, hatuchimbi. Huko kwetu ukionekana na mtaimbo karibu na shimo, kesho kijiji kizima kina koleo. Ukuta tuliujenga nje kabisa, chini ya anga, si chini ya mdomo. Kabla ya hapo kijana mmoja alifungwa kamba kwenye mwembe juu ya kilima akaangusha mawe yote legelege kwa kutokea juu, wakati sisi tumekaa mbali tunakunywa uji. Tulitumia mawe yaleyale na saruji mifuko 11. Chini tukaacha bomba maji yatoke, maana ukuta unaozuia maji unageuka bwawa. Juu tukaacha tundu lenye nondo zilizolala, popo wapite na mtoto asipite.

Mbuzi alipatikana kwenye mihogo ya jirani mwenyewe.

Mwezi uliofuata mjomba alikuja Mwanza kuonwa goti, akafikia kwangu. Baada ya chai alichukua fimbo yake, akasimama katikati ya sebule, akagonga dari niliyoifunga kwa mikono yangu, yenye mikunjo mitatu na taa za kuzunguka. Dub. Akasogea. Dub. Akarudi kwenye kiti karibu na mlango.

"Mjomba, jipsamu yote inalia debe. Ndani kuna hewa."

"Najua," akasema, akauvuta mguu wa kiti hadi kwenye kizingiti. "Mimi nitakaa hapa."