Simu za intaneti kwa biashara ndogo: uwezo unaotumika na ule unaopamba ankara

Wafanyabiashara wengi wanaoniita niwafungie mfumo wa simu za intaneti huwa wamekwisha kuchagua simu zenyewe kabla ya kuuliza lolote kuhusu mtandao zitakaopitia. Wameona picha ya simu ya mezani yenye kioo cha rangi, wamesoma orodha ndefu ya uwezo wake, na jambo la kwanza wanalotaka kujua ni kama ina kamera. Mimi huomba kwanza nione ruta, swichi (kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao ndani ya jengo) na nyaya zilizopo, kwa sababu mfumo wa aina hii ni mtandao wa kompyuta uliopewa kazi ya ziada ya kubeba sauti, na hakuna uwezo hata mmoja kwenye orodha ile utakaofanya kazi ipasavyo ikiwa mtandao huo umefungwa ovyo.

Hata hivyo, sababu ya kuutaka mfumo ni ya kweli, na kwa biashara za hapa Dar es Salaam ina uzito kuliko wauzaji wanavyoieleza. Katika duka la kawaida la vipuri vya magari, wateja hupiga namba ya mkononi ya kijana wa kaunta. Siku kijana huyo akihamia duka la jirani, anaondoka na wateja wote waliomo kwenye simu yake, na mwenye duka hana hata orodha ya kujua alikuwa akiongea na nani. Mfumo wa simu wa ofisi unaifanya namba kuwa mali ya biashara: mteja anapiga namba moja, simu inaita kaunta, isipopokelewa inakwenda stoo, kisha kwa meneja, na kila simu iliyoingia, hata ambayo haikupokelewa, inabaki kwenye kumbukumbu pamoja na saa iliyoingia.

Zamani uwezo huo ulikuwa wa makampuni makubwa. Mwaka 1999 kijana mmoja wa Alabama, Mark Spencer, aliyekuwa akianzisha biashara ndogo ya kuwasaidia watumiaji wa Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, aliona mtambo wa simu wa ofisi unamshinda bei, akaamua kuandika programu yake mwenyewe akaiita Asterisk. Programu hiyo ni huria, na juu yake kumejengwa mifumo mingi, ikiwemo FreePBX ambayo mtu anaweza kuiweka kwenye kompyuta ndogo bila kulipia leseni. Asiyetaka kuhangaika na kompyuta ananunua kisanduku kilichokwisha kuandaliwa. Mathalani Yeastar S20 inahudumia watumiaji 20, na mazungumzo 10 yanaweza kufanyika kwa wakati mmoja, idadi inayotosha kabisa duka lenye tawi na ghala. Visanduku kama hicho hupokea pia moduli ya laini ya mkononi, hivyo ile namba ambayo wateja wameizoea kwa miaka haina haja ya kutupwa. Na kwa kuwa simu hizi zinazungumza kwa utaratibu mmoja uitwao SIP, ambao toleo lake linalotumika hadi leo lilitolewa mwaka 2002, simu ya mezani ya kampuni moja inaweza kuunganishwa na kisanduku cha kampuni nyingine, au ikawa ni programu tu ndani ya simu ya mkononi ya mfanyakazi.

Katika uwezo wote unaotangazwa, unaotumika kila siku ni mchache: namba fupi za ndani, kuhamisha simu, kundi la simu zinazoita pamoja, na ratiba inayojua saa za kazi. Katika kuhamisha simu, nasisitiza wafanyakazi wajifunze namna ya kuongea kwanza na anayehamishiwa kabla ya kumwachia mteja, maana mteja aliyekwisha kueleza shida yake kaunta hapendi kuanza upya kwa mhasibu. Sauti ya kumkaribisha mpigaji iwe fupi, kwa Kiswahili, na chaguo mbili au tatu tu. Nimesikia duka la watu sita likimwambia mpigaji abonyeze moja kwa mauzo, mbili kwa masoko, tatu kwa rasilimali watu, ilhali simu zote zinapokelewa na dada yule yule. Sanduku la sauti nalo mara nyingi nalizima, kwani wateja wetu hawaachi ujumbe. Wanakata na kupiga duka jingine. Badala yake naandaa orodha ya simu zilizokosa kupokelewa imfikie meneja kwa barua pepe, ili kuwe na mtu wa kuwarudia.

Sasa nije kwenye mtandao, ambako ndiko kwenye kazi. Sauti iliyosimbwa kwa utaratibu wa G.711 hutumia kilobiti 64 kwa sekunde, na ikiongezewa vichwa vya pakiti, yaani maelezo ya anwani yanayoambatana na kila kipande cha sauti kinachotumwa, inafika karibu kilobiti 87 kila upande. Mazungumzo kumi kwa pamoja hayafikishi hata megabiti moja, kwa hiyo anayekuambia ununue kifurushi kikubwa cha faiba kwa ajili ya simu pekee anakuuzia kitu usichokihitaji. Shida iko kwenye ucheleweshaji. Pakiti za sauti hutumwa kila baada ya milisekunde 20, yaani 50 kwa sekunde, na zinatakiwa kufika kwa mpangilio huo huo. Mazungumzo huenda vizuri ikiwa safari ya upande mmoja haizidi milisekunde 150.

Chukua duka lenye kamera za ulinzi zinazotuma picha kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kamera moja inaweza kutuma megabiti mbili hadi nne kwa sekunde, na nne zikituma kwa pamoja zinaijaza njia ya kupakia ya kifurushi kidogo. Ndani ya ruta foleni inajipanga, pakiti za sauti zinakaa nyuma ya picha za kamera, na hapo malalamiko yanakuja kwa sura moja inayotambulika: “Fundi, sisi tunamsikia mteja vizuri, yeye ndiye anasema sauti yetu inakatikakatika.” Ukisikia hivyo, tazama upande wa kupakia kabla ya kugusa simu yoyote. Ikiwa upande mmoja hausikii kabisa, tangu mwanzo wa simu hadi mwisho, hilo ni tatizo jingine, na mara nyingi chanzo ni kile kipengele cha ruta kiitwacho SIP ALG, ambacho kinajaribu kurekebisha anwani za simu na kuziharibu, kizime.

Dawa ya foleni ni kuitenga sauti. Kwenye swichi natengeneza VLAN, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi ile ile, kwa ajili ya simu peke yake, kisha kwenye ruta napanga pakiti zake zitangulie na kasi ya kupakia iwe chini kidogo ya ile inayolipiwa, ili foleni ijengeke ndani ya ruta yangu ninayoitawala na isijengeke kwa mtoa huduma. Ni kama njia ya mwendokasi katika Barabara ya Morogoro, ambayo ina maana tu pale bodaboda zinapozuiwa kuingia.

Swichi yenyewe inafaa iwe ya PoE, inayopeleka umeme kwa simu kupitia waya wa mtandao. Kiwango cha awali cha mwaka 2003 hutoa hadi wati 15.4 kwa kila poti, na simu ya kawaida ya mezani inahitaji sehemu ndogo tu ya hizo. Faida yake inaonekana umeme unapokatika: UPS moja, yaani betri ya akiba, iliyowekwa kwenye swichi, ruta na kisanduku inaziweka hai simu zote za jengo. Lipo pia suala la mahali mfumo unapokaa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti ya Tanzania ilizorota vibaya. Mfumo uliokodishwa kwenye seva za Ulaya unaathirika moja kwa moja katika hali kama hiyo, hata kaunta inapompigia stoo aliye ukuta wa pili, ilhali kisanduku kilichomo ndani ya duka huendelea kuunganisha simu za ndani na zile za laini ya mkononi. Kwa sababu hiyo napendekeza kisanduku cha ndani, ingawa huduma ya kukodi ina unafuu wake kwa biashara isiyo na ofisi ya kudumu.

Kuhusu usalama, wezi huchunguza poti 5060, mlango wa kimtandao unaotumiwa na SIP, ya kila anwani ya intaneti usiku na mchana wakitafuta namba ya ndani 101 yenye nenosiri 101, na wakiipata hupiga simu za ng’ambo kwa gharama yako. Funga simu za nje ya nchi kama huzihitaji, weka kikomo cha matumizi, na anayefanya kazi nyumbani aingie kwa VPN, yaani njia ya siri iliyofungwa kupitia intaneti. Kurekodi mazungumzo ni rahisi kiufundi, takriban megabaiti moja kwa dakika bila kubanwa, lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu, hivyo mpigaji aambiwe kuwa anarekodiwa, na rekodi zifutwe zinapomaliza kazi yake.

Kazi ikiisha, mwenye biashara apewe nenosiri la msimamizi, mchoro wa poti za swichi na nakala ya mipangilio kwenye flashi. Fundi anayekataa kuvitoa vitu hivyo asimaliziwe malipo.