Pampu ya ngama haipimwi kwa sikio

Nikimuuliza mwenye chombo habari ya pampu yake ya ngama, ile inayotoa maji yanayojikusanya chini kabisa ya chombo, mara nyingi hanijibu kwa maneno. Ananyoosha mkono, anabonya swichi, na pampu inavuma huko chini ya mbao. "Nzima hiyo, ami. Huisikii?" Naisikia. Lakini nilichouliza ni kama inatoa maji, na hilo sikio haliwezi kulijibu.

Nimekwisha kufungua pampu zilizokuwa zikivuma vizuri na hazitoi hata kikombe. Moja impela yake, kile kigurudumu chenye mabawa kinachosukuma maji, ilikuwa imeachana na chuma cha mota. Mota inazunguka, impela imetulia. Nyingine mpira wake wa kutolea maji ulikuwa umepasuka chini ya mbao za kukanyagia, basi pampu ilikuwa ikiyatoa maji ngamani na kuyarudisha ngamani, usiku kucha, mpaka betri ikafa. Na ipo ile ambayo fundi aliunga waya kinyume, chanya kwenye hasi. Pampu hizi ndogo za volti 12 nyingi hazigomi ukizigeuzia waya. Zinazunguka kinyumenyume, zinavuma vilevile, na maji yanatoka kidogo tu. Mwenye chombo anaona kijito kikitoka ubavuni, anaridhika.

Mashua yetu ni ya mbao, imeundwa Matondoni, hapa Lamu, futi 24, na shetri yake, yaani nyuma, imekatwa ili ibebe injini ya nje. Tunavua kwa mshipi na jarife, mimi na mpwa wangu. Kaskazi ikitulia tunatoka nje ya Shela, tunaipita Ras Kitau, tukienda kwenye miamba. Kusi ikivuma kwa nguvu tunabaki ndani, upande wa Manda, na mashua hulala nangani siku nyingi bila mtu. Hizo siku za kulala nangani ndizo zinazonitia hofu kuliko siku za kutoka. Mkiwa baharini mna macho na mna mikono. Chombo kilicholala peke yake hakina mtu isipokuwa pampu.

Fikiria mvua tu, uache kuvuja. Uwazi wa mashua kama yetu ni karibu mita 10 za mraba. Mvua ya milimita 50 kwa usiku mmoja, ambayo mwezi wa Mei hapa Lamu si jambo la kushangaza, inamwaga ndani yake lita 500. Hiyo ni nusu tani. Na maji hayo hayatulii katikati. Yanakimbilia shetri, ambako tayari kuna uzito wa injini na ambako ubao ndio mfupi kuliko kwengine kote. Shetri inashuka, wimbi dogo la boti ya abiria linaruka ndani, shetri inashuka zaidi. Asubuhi watu wanaona omo tu, yaani mbele ya chombo, juu ya maji. Vyombo vingi vinavyozama nangani huzama hivyo, bila dhoruba wala mwamba.

Kwa hiyo pampu yangu naipima kwa maji. Nangoja bamvua, zile siku maji yanapojaa na kupwa sana, maji yakipwa mashua inapwelewa pale mchangani Wiyoni, ikitulia naanza kazi. Kwanza nanusa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa ngamani, pale pale zilipo waya na swichi. Nikisikia harufu ya petroli sigusi swichi yoyote. Nafungua mbao zote, naacha upepo upite, natafuta petroli imetoka wapi, na kama kuna maji nayatoa kwa ndoo ya plastiki. Hili silifanyii haraka wala simruhusu mpwa wangu alifanyie haraka.

Kisha natazama kama maji yana mafuta ya injini juu yake. Yakiwa nayo, hayatoki kwa pampu. Tunayafyonza kwa matambara mpaka uso usafike, na matambara yanakwenda nchi kavu. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko huku Lamu, na kaa na kamba tunaowauza wanakulia katika mizizi yake. Sioni sababu ya mvuvi kuwapelekea oili kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya hapo tunamwaga maji ya bahari ndani, mitungi mitatu ya lita 20, na tunayamwaga omo, hatumwagi karibu na pampu. Hapa watu wengi huniuliza kwa nini tusiyamwage pale pale pampu ilipo. Kwa sababu nataka kuona kama maji yatafika. Katika mashua ya mbao kila taruma, yaani mbavu ya chombo, limetobolewa tundu dogo chini, karibu na mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, ili maji yatambae mpaka shetri. Tundu hizo huziba kwa magamba ya samaki, mchanga, vipande vya nailoni, na pamba ya kalafati, ile inayoziba maungio ya mbao, iliyochomoka. Pampu ikawa nzima, betri nzima, na huku omo kuna maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Sisi tumepitisha kamba nyembamba yenye mafundo katika tundu zote, kutoka mbele hadi nyuma. Ukiivuta mbele na nyuma mara chache, njia inafunguka. Wazee walifanya hivyo kabla pampu hazijafika huku, na sijaona kitu kilicho bora zaidi.

Maji yakishafika shetri, sibonyi swichi. Nangoja swichi ya boya, ile inayowasha pampu boya lake likiinuliwa na maji, inyanyuke yenyewe. Wengi huinyanyua kwa kidole, pampu ikiwaka wanasema basi. Kidole kina nguvu kuliko maji. Boya lililokwama kwa grisi na uchafu kidole kitalinyanyua, maji hayatalinyanyua. Pia natazama kama linashuka vizuri maji yakiisha, maana boya linalobaki juu linaacha pampu ikizunguka bila maji na kumaliza betri.

Pampu ikiwaka, mpwa wangu anasimama nje akitazama tundu la ubavuni, mimi nina saa. Pampu yetu imeandikwa galoni 1,100 kwa saa. Hizo ni galoni za Kimarekani, kila moja karibu lita 3.8, kwa hiyo ni zaidi kidogo ya lita 4,100 kwa saa, karibu lita 70 kwa dakika. Usiiamini namba hiyo. Imepimwa bila maji kupandishwa juu, bila mpira mrefu, na kwa umeme wa betri inayochajiwa. Ndani ya chombo maji yanapanda karibu mita moja, yanapita katika mpira wenye kona, na betri injini ikizimwa iko chini ya volti 13. Lita 60 zangu zikitoka kwa dakika moja na nusu, nimeridhika. Zikifika dakika mbili, pampu inafunguliwa siku hiyo hiyo.

Kuifungua si kazi. Unabana vishikio viwili vya pembeni, mwili unatoka na chujio linabaki chini. Safisha chujio, kisha tazama impela kwa makini, hasa nyuma yake. Uzi wa mshipi una tabia ya kujizungusha pale kwenye chuma cha mota, mwembamba, hauonekani mpaka uupitishie ukucha. Ukiachwa unasaga sili, maji yanaingia kwenye mota, na hiyo pampu imekwisha.

Mpira nao uwe unapanda tangu kwenye pampu mpaka kwenye tundu la kutokea, usiwe na bonde mahali popote. Pampu za aina hii haziwezi kufyonza hewa. Maji yakikaa kwenye bonde la mpira, hewa inanaswa kati yake na pampu, na impela inazunguka katika hewa hiyo bila kushika kitu. Nalo tundu la kutokea liwe juu kabisa, mahali ambapo hata chombo kikilala kwa mzigo na upepo halitaingia majini. Likiingia majini, bahari itapita kwenye mpira huo huo na kuja ndani.

Jambo moja linawatisha watu bure. Pampu ikizima, maji yaliyomo ndani ya mpira yanarudi ngamani. Mpira wa milimita 28 wenye urefu wa mita tatu unarudisha karibu lita mbili. Ngama ikiwa nyembamba sana, lita mbili hizo zinatosha kulinyanyua boya tena, na pampu ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Watu hutia valvu ya kuzuia maji kurudi. Mimi siipendi. Gamba moja likikwama ndani yake, maji hayatoki tena. Afadhali kuinua swichi ya boya kidogo, au kufupisha mpira.

Sasa waya, na hapa ndipo pampu nyingi za huku kwetu hufia. Kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kuvingirishwa mkanda mweusi, halafu kikaachwa ngamani, hakimalizi msimu. Maji ya chumvi yanapanda ndani ya waya, kopa inakuwa kijani kisha nyeusi, na umeme unapungua kidogo kidogo. Pampu bado inavuma! Inavuma kwa volti 10 na inatoa nusu ya maji. Viungo vyote nimevipandisha juu, karibu na ukingo, vimebanwa kwa koleo lake, vikafunikwa kwa mpira ule unaosinyaa kwa moto, na grisi juu yake. Kila nikipima, pampu ikiwa inafanya kazi, naweka mita kwenye betri kisha karibu na pampu. Tofauti ikizidi nusu volti, natafuta kiungo kibovu mpaka nikipate.

Waya wa swichi ya boya unatoka kwenye betri moja kwa moja, haupiti kwenye swichi kuu, ili mtu akizima umeme wote akienda zake nyumbani pampu isizimwe pamoja nao. Lakini lazima upite kwenye fyuzi, na fyuzi iwe ya kiasi alichoandika mwenye kiwanda. Nimeona fyuzi imebadilishwa kwa kipande cha waya wa kopa. Impela ikikwama kwa kipande cha mti, mota haizunguki lakini inaendelea kuvuta umeme, mwingi kuliko kawaida. Fyuzi ingekatika. Kile kipande cha waya hakikatiki, kinachoungua ni chombo. Nawaomba wenzangu, msifanye hivyo.

Betri nayo ina kikomo. Pampu inayovuta ampea 4, kwenye betri ya ampea-saa 70, inaweza kwenda saa kumi na kitu kwa hesabu nzuri, na betri iliyozeeka haifiki hata hapo. Tumefunga sola ndogo ya wati 20 juu ya shetri. Jua la Lamu linarudisha kilichotumika usiku kama uvujaji ni mdogo. Kama pampu inawaka kila nusu saa, sola si dawa. Chombo kinataka kalafati.

Na pampu hata ikiwa nzima kabisa, haipigani na tundu. Tundu la inchi moja, sentimita 30 chini ya maji, linaingiza zaidi ya lita 40 kwa dakika, yaani karibu yote ambayo pampu yangu inaweza kutoa. La inchi mbili linaingiza mara nne ya hapo. Kwa sababu hiyo tunachukua vigingi vya mti laini vya unene mbalimbali, nyundo, na matambara. Mmoja anaziba, mmoja anafua maji kwa ndoo. Mpwa wangu aliniuliza, "Ami, sasa pampu ya nini?" Nikamwambia ni ya yale maji yanayoingia polepole wakati sisi tumelala, na ya kutupa dakika chache za kutafuta tundu liko wapi.

Kopo la akiba liko chini ya ubao wa nahodha: fyuzi za kiasi chake, klipu mbili za mpira, swichi ya boya, na pampu ndogo nzima iliyokwisha kuungwa waya. Nayo naimwagia maji kila nikiipima ile kubwa. Bamvua lijalo natoa mpira wote wa zamani, umeanza kuwa mgumu karibu na klipu, na mwenye mashua ya jirani amekubali tuijaribu ya kwake siku hiyo hiyo. Mitungi tutakuwa nayo.