Jinsi nilivyouondolea ukali mvinyo wa Makutupora

Misimu mitatu mfululizo mvinyo wangu ulitoka mzito kama dawa ya kikohozi, na ukakasi wake ulikausha ulimi. Lawama zote zikaiangukia zabibu nyekundu ya Makutupora. Wenzangu hapa Dodoma wakasema niongeze sukari, dawa yetu ya siku zote. Sikutaka. Hata hamira ya dukani situmii. Chachu iliyo kwenye maganda inanitosha.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Maganda niliyaacha kwenye mchuzi wiki mbili, nikiyaponda mara tatu kwa siku, na mbegu zikipondeka ndizo hutoa ule uchungu. Tena nilivuna mchana wa jua kali, zabibu zikaingia pipani zikiwa za moto. Chachu ikapandwa na wazimu.

Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo sikungoja sana kujaribu upya. Mwezi wa Agosti tulivuna alfajiri kwa tochi, kabla sukari haijazidi. Theluthi ya vichala niliviweka vizima. Maganda yalikaa siku 5 tu, nikiyazamisha kwa mkono, taratibu. Pipa nililizungushia magunia yaliyoloweshwa. Kwa hewa kavu ya huku, maji yanapokauka hupoza kweli. Baada ya kukamua nilijaza vyombo hadi shingoni, maana hewa ikibaki ndani utapata siki.

Ulitoka mwepesi, rangi kama juisi ya rozela. Baba mkwe, mpenzi wa mvinyo mtamu, alikunja uso kwa glasi ya kwanza. Ya pili alijimiminia mwenyewe.