Nilivyowazuia wasichana wangu kugongana kwenye besi

Nafundisha wasichana softboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kutoka besi hadi besi. Ilikuwa hivi. Msichana alipiga mpira ukaviringika kuelekea besi ya tatu, akatoka mbio kwenda besi ya kwanza huku shingo imegeuka kuutazama. Mlinzi wa besi ya tatu akauokota, akaurusha vibaya kwenda ya kwanza. Mpira ukaja upande wa nyumbani, yaani besi anaposimama mpigaji, mlinzi wa besi ya kwanza akajinyoosha kuufuata, akaingia kwenye njia ya mkimbiaji. Wakakutana bega kwa mdomo. Mdomo ulipasuka na jino la mbele likalegea. Kesho yake mama wa mtoto akanijia: "Mwalimu, mwanangu si fahali wa kupigana pembe." Nikamwomba anipe wiki mbili.

Mashauri niliyopewa siku zile bado yananikera. Mwalimu mmoja wa kandanda aliniambia niwaache wagongane, watakomaa. Wakomae kwa kung'oka meno? Mwingine akaniambia niwazoeze wasichana kupunguza mwendo wakikaribia besi. Huu ushauri niliufuata, na ukanilia wiki nzima. Wasichana walifunga breki kwenye changarawe, wakateleza, wakasimama papo hapo penye mguu wa mlinzi. Tukawa na migongano miwili zaidi, na juu ya hayo wakawa wanatolewa mchezoni ovyo kwa kuchelewa, mpira ukitangulia kufika besi. Kumbe sheria inamruhusu mkimbiaji kuipita besi ya kwanza kwa kasi yake yote, mradi asigeuke kuelekea ya pili. Kutoka nyumbani hadi pale ni mita 18 na kidogo tu. Apite moja kwa moja, asipunguze hata hatua moja!

Apite wapi, ndilo lilikuwa swali. Softboli ina besi ya kwanza ya rangi mbili: nyeupe iko ndani ya mstari unaotoka nyumbani, ya rangi ya chungwa iko nje. Mlinzi hukanyaga nyeupe, mkimbiaji hukanyaga ya chungwa, kila mmoja na pake. Kila nusu ni sentimita 38 kwa 38, yaani nzima ina urefu wa sentimita 76. Kuinunua sikuweza. Lakini Malindi ni mji wa mashua, na rangi ya chungwa imejaa ufukweni.

Nikateremka kwa wenye mashua Jumamosi asubuhi. Nikamwamkia mzee mmoja aliyekuwa akiziba nyufa: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wataka samaki?"

Nikamwambia nataka jaketi la kuokolea lililochakaa. Akanitazama, akaniuliza nani kazama. Nilipomweleza habari ya jino, aliingia ndani ya mashua akatoka na jaketi lililokatika kamba zote, akakataa pesa. Fundi wa viti alinishonea kwa mia mbili, labda mia tatu, pamoja na turubai jeupe.

Besi aliyoshona mwanzo aliijaza sponji, ikatoka nene kama mto wa kulalia, na siku ileile msichana akateguka kifundo cha mguu. Tukaifumua. Sasa ndani mna tabaka za zulia kuukuu, imelala chini kabisa, na upande wa chini tumebandika kipande cha tyubu ya lori ili isiteleze. Nyinyi mnaotaka kushona yenu, anzeni na zulia.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia ni jua. Huku jioni jua linazamia bara, na mlinzi wangu wa besi ya kwanza alikuwa akilitazama usoni kila mpira unapotoka ya tatu. Nikaugeuza uwanja mzima, besi ya tatu ikawa upande wa bahari. Kazi ya chokaa na kamba, saa moja hivi.

Halafu nikamshughulikia mlinzi mwenyewe. Kila mazoezi nilisimama besi ya tatu nikamrushia mipira mibaya kwa makusudi, ishirini, thelathini, yote ikienda upande wa nyumbani. Mwanzoni alikuwa akiing'ang'ania besi kwa kidole cha mguu huku mwili umeziba njia. Nikamfundisha aiache besi, aufuate mpira kwa upande wa ndani ya mstari. Tukimkosa mkimbiaji mmoja, tumkose. Siku ya nne niliona mguu wake unaachia besi wenyewe kabla sijapiga kelele, nikajua imeingia.

Kwa besi nyingine nina maneno mawili ambayo wasichana wanayaimba hata njiani kwenda makwao. La kwanza: "Huna mpira, huna njia!" Anayesimama kwenye njia ya mkimbiaji mikono mitupu, wala haudaki mpira uliopigwa, anamzuia, na refa humpa mkimbiaji besi aliyonyimwa. La pili: "Uliopigwa ni wa mdakaji!" Mpira ukitoka kwenye gongo na mtu yuko tayari kuudaka, mkimbiaji ndiye anayemzunguka. Akimvaa, ametolewa. Walipoyashika hayo mawili, ubishi wa nani mwenye makosa ulikwisha.

Kuteleza kuingia nyumbani tulijifunza ufukweni maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga mbichi, kofia ngumu kichwani. Mdakaji wa nyumbani anasimama mbele ya besi, anamwachia mkimbiaji upande mmoja wazi mpaka yeye mwenyewe awe na mpira mkononi.

Mama yule alikuja kutazama wiki ya tatu, akakaa kivulini chini ya mwarobaini mpaka mwisho. Mwanawe alipiga mpira uleule wa besi ya tatu, mrusho ukaja mbaya vilevile. Mlinzi akatoka kwenda ndani, msichana akakanyaga rangi ya chungwa na kupita kama upepo wa kusi, baina yao pana nafasi ya mtu mzima kusimama. Mama hakuniambia kitu. Alinyanyua mkono tu.

Ile besi sasa imepauka kwa jua, karibu haitofautiani na nyeupe. Jumamosi nateremka tena kwa mzee wa mashua.