Mwanao yuko gredi ya kumi? Kaa naye sasa hivi

Wazazi wenzangu wa hapa Columbus na Ohio yote, leo naongea na wenye watoto gredi ya kumi, wale huku wanaitwa sofomoo. Kila mwaka ikifika Oktoba simu yangu inaanza kulia, anti tusaidie mtoto yuko gredi ya kumi na mbili anataka kwenda koleji, mi nauliza transkripti, ile karatasi ya alama zake zote za haiskuli, iko wapi, ikiletwa naona mambo yalishaharibika toka miaka miwili nyuma na hakuna aliyejua. Na hapo cha kufanya kinakuwa kidogo sana. Inaniuma kweli mana watoto wenyewe wana akili, wazazi wanapiga shifti mbili kwa ajili yao, kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia mapema.

Sisi wengi tumekuzwa na mtihani wa mwisho, na naona hapo ndo shida inapoanzia. Kule nyumbani mtoto anaweza akacheza Form One, Form Two akapita hivohivo, halafu Form Four akili inamrudia anapiga kitabu usiku na mchana, matokeo ya NECTA yakitoka ana Division One na mtaa mzima unasherehekea. Mkenya ana KCSE yake, Mkongo ana Exetat, ni yaleyale. Kwa hiyo mzazi akiona mtoto wa gredi ya kumi analegalega anasema ah bado mdogo, atakaza mwishoni. Jamani huku hakuna mwishoni. Huku kila muhula kuanzia gredi ya tisa unaandikwa na haufutiki, na mtoto anatuma maombi ya koleji mwanzoni mwa gredi ya kumi na mbili, yani koleji zinaangalia ile miaka mitatu ya kwanza. Gredi ya kumi ikiisha theluthi mbili ya hiyo karatasi imeshajazwa tayari. Piga hesabu mwenyewe, mtoto ana GPA, yani wastani wa alama zake, ya 2.0 kwa miaka miwili, gredi ya kumi na moja akapata A tupu kila somo, 4.0, mwaka ambao watoto wachache sana wanauweza, akitafuta wastani anaishia kama 2.67. Amepanda, ndio, ila hawezi kuirudisha ile miwili.

Sasa ukitaka kujua mwanao amesimama wapi usimuulize "shule inaendaje", atakwambia fresh tu. Omba transkripti. Shule inakupa, ni haki yako kama mzazi. Nilikaa na kijana mmoja na mama yake mezani kwao hapa Morse Road, mama katoka kazini bado kavaa yunifomu, kijana kanisalimia vizuri shikamoo anti, nikamwambia marahaba baba, haya lete karatasi tusome wote. Tukaanza mstari kwa mstari. English 9, muhula wa kwanza C, krediti nusu, krediti ni zile pointi anazohesabiwa mtoto akifaulu somo. Muhula wa pili F, na pale kwenye krediti pameandikwa 0.00. Algebra I vilevile, nusu ipo nusu haipo. Mama akashtuka akasema lakini si alipanda darasa? Alipanda ndio, alienda gredi ya kumi na wenzake, akapewa English 10, ila ile nusu ya English 9 inamsubiri palepale. Huku mtoto anaweza kwenda mbele na madeni nyuma yake na barua isije nyumbani, au ikija inakuja kwa Kiingereza kwenye imeili ambayo mzazi hafungui.

Diploma ya Ohio inataka krediti 20 kwa uchache, na baadhi ya wilaya za shule zinaongeza juu yake. Kiingereza 4, hesabu 4 na ndani yake iwemo Algebra II au somo la kiwango hicho, sayansi 3, masomo ya jamii 3, afya nusu, PE yani mazoezi ya viungo nusu, zinazobaki 5 ni za kuchagua. Ndani ya hizohizo 20 kuna na nusu ya elimu ya fedha pia kwa watoto hawa wa sasa. Yule kijana tulipohesabu alikuwa na pungufu ya krediti moja nzima, na kwa kuwa bado alikuwa gredi ya kumi ilikuwa rahisi, kaunsela, yule mshauri wa wanafunzi shuleni, akamuweka somo moja kwenye kiangazi na lingine akalirudia kwa kompyuta. Angekuja kugundua Machi ya gredi ya kumi na mbili ingekuwa kilio.

Halafu kuna ile mitihani ya jimbo. Mtoto anatakiwa kupata 684 au zaidi kwenye Algebra I na kwenye English II, na English II wengi wanaifanya gredi hii hii ya kumi. Asipoipata kwanza anasaidiwa na anarudia, na kuna njia nyingine za kufidia, kwa hiyo usipaniki, ila ujue alama yake ni ngapi. Niliyoiona mimi ni kwamba watoto wetu wanaoongea Kiingereza kizuri kabisa cha mtaani wanakwama kwenye ile sehemu ya kuandika insha, wanaandika aya moja wanaacha. Mwambie akuonyeshe alichoandika, hata kama wewe Kiingereza chako ni cha kuombea maji utaona tu urefu wake.

Ukienda kuonana na kaunsela tafadhali usimfanye mtoto mkalimani. Nasema hili kwa uchungu. Mtoto ana F tatu, kaunsela anaeleza kwa upole dakika tano, mtoto anageuka anamwambia baba "anasema niongeze bidii kidogo". Baba anashukuru anaondoka. Sheria ya shirikisho inaibana shule ikuletee mkalimani wa lugha yako na hulipi hata senti, wewe piga simu ofisini siku chache kabla sema Swahili interpreter, hayo maneno mawili yanatosha. Na wewe Mkongo usikubali uletewe mtu wa Kifaransa kama Kifaransa hukijui vizuri, sema Kiswahili, sema mara ya pili.

Sasa pesa, na hapa ndo wengi hawajui kabisa. FAFSA ile fomu ya kuomba msaada wa serikali kwa ajili ya koleji kwa kawaida inafunguliwa Oktoba mosi, na haiangalii kipato cha mwaka mtoto anaoanza koleji, inarudi nyuma miaka miwili. Mtoto wa gredi ya kumi mwaka wa masomo 2025/26 anamaliza 2028, FAFSA yake ya kwanza itasoma kodi zenu za mwaka 2026. Yani mwaka ambao umeanza mtoto akiwa katikati ya gredi ya kumi! Kwa hiyo mambo ya kodi kujaziwa na jamaa fulani sebuleni anaandika anavyojua, mtoto kawekwa kwenye fomu ya mjomba, baba na mama wanakaa pamoja ila kila mtu kajaza kivyake kama hajaoa, hayo yote yatakuja kusomwa. Nyoosheni sasa. Pell Grant, ile pesa ya serikali ya kusomea koleji ambayo hairudishwi, imefika hadi dola 7,395 kwa mwaka wa 2025/26, hiyo kwenye koleji ya jamii kama Columbus State ni pesa kubwa kweli. Na mtoto si lazima awe raia, mwenye green card anajaza kama kawaida.

Ohio nayo ina skolashipu ya gavana, ilianza na darasa la 2024, dola 5,000 kila mwaka hadi miaka minne kwa watoto walio kwenye asilimia 5 ya juu ya darasa lao wakibaki kusoma humu Ohio. Wanapangwa kwa matokeo ya hadi mwisho wa gredi ya kumi na moja. Unaona tunarudi palepale, mwaka huu unahesabika.

Kitu ambacho ningepanda juu ya paa nikipigie kelele ni College Credit Plus, wengi mnasikia watu wanaita CCP. Mtoto akiwa bado haiskuli anasoma kozi za koleji, za kweli, na kwa mtoto wa shule ya umma akienda koleji ya umma ada hulipi wala vitabu hununui. Kozi moja ya koleji ya krediti tatu inahesabiwa krediti moja nzima haiskuli, anakula huku na huku. Kuna kundi la kozi za msingi linaitwa Ohio Transfer 36 ambazo koleji zote za umma za Ohio zinazitambua, hizo ndo achague kwanza, asije akachukua kozi halafu ikaja kukataliwa mbele ya safari. Mkitaka aanze mwanzoni mwa gredi ya kumi na moja basi barua ya kusema tunataka kushiriki lazima ifike shuleni kabla ya Aprili mosi ya mwaka huu wa gredi ya kumi. Ukipitwa unaanza kumbembeleza mkuu wa shule, na anaweza kukataa. Ila sikiliza, alama za CCP zinaingia kwenye transkripti ya koleji moja kwa moja na zitamfuata mpaka chuo, akifeli shule inaweza hata kukudai gharama, kwa hiyo mtoto ambaye kazi za nyumbani anasukumwa bado, ngoja kwanza. Aanze na kozi moja. Mimi sikubaliani na wazazi wanaompakia mtoto wa miaka 16 kozi nne ili tu waseme kanisani mwanangu yuko koleji.

Na mtoto ambaye hapendi kukaa darasani siku nzima, jamani career center, yani shule ya ufundi, sio adhabu. Najua kwetu ufundi unaonekana ni kwa walioshindwa. Huku anaenda gredi ya kumi na moja na kumi na mbili, anasoma umeme, kuchomelea, unesi msaidizi, kompyuta, anatoka na diploma ileile pamoja na cheti cha kazi, na koleji bado anaweza kwenda akitaka. Maombi yanafanyika gredi ya kumi na nafasi zinajaa, ulizeni kabla ya Krismasi kama inawezekana.

Jingine la kufurahisha. Diploma ya Ohio inataka pia mtoto apate seal mbili, yani alama za ziada za kuonyesha yuko tayari kwa maisha, na angalau moja iwe ya jimbo. Moja kati ya hizo za jimbo ni Seal of Biliteracy, ya mtu anayejua Kiingereza na lugha nyingine kwa kuongea, kusoma na kuandika. Kiswahili kinaingia! Mtoto wako anayo lugha tayari nyumbani, ila wengi wao wanaongea tu, kuandika hawawezi, ukimwambia andika "nimekwishaambiwa" anatoa macho. Kuna miaka miwili ya kumfundisha. Aandike meseji za WhatsApp kwa bibi kwa Kiswahili kamili, asome habari kila siku kidogo, halafu muulize kaunsela atafanyia wapi mtihani wa lugha.

Kuhusu SAT na ACT, ile mitihani ya kuombea koleji, sitaongea sana leo mana zinakuja gredi ya kumi na moja. PSAT ikitolewa shuleni gredi ya kumi afanye tu ajizoeze. Ila msidanganywe kwamba mitihani hiyo siku hizi haina kazi, Ohio State wenyewe wameirudisha kwa wanaoingia kuanzia vuli ya 2026.

Mwisho kwa waliofika majuzi, mtoto ana miaka 17 kawekwa gredi ya tisa au ya kumi anaona aibu anataka kuacha akafanye kazi warehouse. Asiache. Ohio inamruhusu kusoma haiskuli bure mpaka afike miaka 22. Na kama una karatasi zake za kule alikosoma, ripoti za Form One na Form Two, cheti cha shule ya kambini, chochote chenye mhuri, usiziache kwenye sanduku, zipeleke kwa kaunsela na uombe zikaguliwe kwa ajili ya krediti. Hesabu ni hesabu hata kama ilifundishwa kambini Nyarugusu. Zikiwa kwa Kiswahili au Kifaransa ziombewe tafsiri, na ukikwama kuandika hiyo barua ya maombi niambie, Jumamosi mchana huwa nipo nyumbani, njoo na mtoto na hizo karatasi tuiandike wote.