Mbona hapumui?

Nimeosha vyombo, nimekunja nguo, nimejibu barua pepe zote za kazini, na bado namsikia Dada: "Mbona Baba hapumui?"

Hata "pole na kazi" hakusema. Nilimtumia dakika mbili za ile kanda yetu ya zamani ya video, VHS, nimeshaziondoa kelele kwa programu, Baba kainama anakaza skrubu ya mguu wa kiti na Mama kashika kamera, nikapiga simu kungoja sifa. Akanyamaza kidogo. "Sauti safi. Lakini mbona Baba hapumui?" Nikamwambia zilizotoka ni kelele tu. "Haya," akasema. Ile haya yake mnayoijua.

Wiki hii nimehamishwa idara na shemeji katoka hospitali salama, lakini kilichonikaa kooni ni hiki.

Mvumo wa umeme niliuondoa, hezi (mitetemo kwa sekunde) 50 na vizidisho vyake 100 na 150, na hakuna aliyeulilia. Kazi iko kwenye mchakacho, ile shhh ya kanda. VHS za kawaida ziliweka sauti kwenye ufito mwembamba ukingoni mwa mkanda, na kwa mfumo wa televisheni wa PAL mkanda wenyewe ulitembea sentimita 2.3 hivi kwa sekunde, kama nusu ya mwendo wa kaseti ya redio. Hapo utegemee nini zaidi ya mchakacho? Nikachagua kipande kisicho na maneno, nikaionyesha programu: kelele ndiyo hii, ipunguze kila utakapoikuta. Ipunguze kwa desibeli 24 (kipimo cha ukubwa wa sauti).

Sasa pumzi nayo ni nini kama si mchakacho? Ni hewa inapita penye njia nyembamba. Na Baba na pumu yake, kila sentensi aliivutia hewa kwanza, na kale kafilimbi mwishoni. Tena kamera zile zikiona kimya zilijiongezea usikivu zenyewe, kwa hiyo akitua kuvuta pumzi tu, mchakacho nao unapanda juu yake. Programu ingewatofautishaje?

Jana usiku, kwa hasira zaidi kuliko kitu kingine, nilianza upya na faili la asili (msifute faili la asili, jamani, nimeshasema hadi nimechoka). Safari hii nikapunguza desibeli 6 tu. Nikavaa hedifoni. Shhh ya kanda ipo, lakini haikeri. Bisibisi linakwaruza. Kisha pumzi, kafilimbi, na: "Zima hiyo, mama watoto, inakula betri."

Nikacheka peke yangu sebuleni. Mama hakuzima. Anacheka pale pale karibu na maikrofoni, kicheko ambacho kwenye lile toleo langu safi kilisikika kama kimetoka chini ya maji, nami nikadhani ndivyo kanda ilivyoharibika.

Nimemtumia Dada. Tiki za bluu hizo hapo tangu asubuhi, neno hakuna. Asipojibu sitamuuliza.

Halafu hili gego la juu kushoto limeanza tena. Daktari alishasema likirudi kuuma linang'olewa, na Jumatatu ndiyo siku yangu ya kwanza idara mpya.